Saa za muwa: kisa cha Mumias na pesa iliyochelewa njiani

Muwa ukishakatwa, saa zinaanza kuhesabika. Sukari iliyo ndani ya shina huanza kuvunjika, bakteria huingia kwenye ncha zilizokatwa, na jua hukausha maji. Kiwanda makini hutaka muwa uingie kwenye vinu ndani ya saa 24, ikizidi sana saa 48. Sasa fikiria trela la tani nane lililopanga foleni nje ya lango siku nne nzima kwa sababu mtambo umekwama au mvua imeziba barabara. Mkulima analipwa kwa uzito, kwa hiyo kila kilo ya maji iliyokauka imetoka mfukoni mwake. Kiwanda kinauza sukari, kwa hiyo kila chembe iliyoharibika imetoka kwenye mauzo yake. Wote wawili wamekula hasara kwa muwa uleule bila mtu yeyote kuiba.

Kisa cha Kampuni ya Sukari ya Mumias, katika Kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya, kimeelezwa mara nyingi kama kisa cha ufisadi, siasa na sukari ya magendo. Hayo yana nafasi yake na hatuyapuuzi. Ila ukikaa na hesabu za ekari moja ya miwa, kuanzia siku ya kulima mpaka siku ya malipo, utaona kwamba uchumi ule ulijengwa juu ya muda, na kila mahali muda ulipochelewa, pesa ilivuja. Tunaandika kwa ajili ya wakulima, viongozi wa vyama vya ushirika na maafisa wa kaunti ambao leo wanaombwa kujenga upya kitu kilekile.

Jinsi eneo lilivyokua

Kampuni ilianzishwa mwaka 1971, na sukari ya kwanza ikatoka 1973. Serikali ndiyo iliyokuwa na hisa nyingi, na kampuni ya Uingereza, Booker McConnell, ikapewa usimamizi. Mpango ulikuwa na sehemu mbili: shamba kuu la kampuni yenyewe, na kulizunguka, maelfu kwa maelfu ya wakulima wadogo wa mkataba. Hao wa mkataba ndio walioleta sehemu kubwa ya miwa.

Kampuni ilifanya kila kitu ambacho mkulima mdogo hakuweza. Ililima kwa trekta, ikaleta mbegu, ikaleta mbolea, ikapanga zamu za kuvuna, ikatuma wakataji na magari, na mwisho ikakata gharama zake kwenye malipo. Mkulima alitoa ardhi na palizi. Kwa mtu asiye na dhamana ya benki, huu ulikuwa mkopo wa kweli. Mumias ikawa inazalisha zaidi ya nusu ya sukari ya Kenya nzima. Mwaka 2001 hisa zake zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Nyumba za mabati zikasimama Matungu, Butere na sehemu za Bungoma na Busia, na karo za shule za bweni zikalipwa kwa miwa.

Lakini tazama kilichojengwa. Kwa mkulima wa mkataba, kiwanda kilikuwa mnunuzi pekee. Kilikuwa pia benki, kampuni ya trekta, duka la mbolea, mtengeneza barabara na mwenye mizani. Kazi hizo zote zilitegemea mfuko mmoja. Mfuko huo ukipungua, hakuna hata kazi moja kati ya hizo inayobaki imesimama.

Hesabu ya ekari moja

Hesabu ifuatayo ni kielelezo tulichokipanga kwa bei za mviringo ili mambo yaonekane. Kila mtu aweke bei za kwake.

Tuseme ekari moja inatoa tani 25, na bei ni Sh5,000 kwa tani. Jumla ni Sh125,000. Kulima mara mbili, kupiga haro na kuchora mifereji: Sh12,000. Mbegu, tani tatu za vipande vyenye macho matatu kila kimoja: Sh15,000. Kupanda: Sh4,500. Mbolea, mifuko mitano kwa jumla, ya kupandia na ya kukuzia: Sh12,500. Palizi nne: Sh16,000. Hadi hapo ni Sh60,000. Wakati wa kuvuna, kukata na kupakia kwa Sh600 kwa tani ni Sh15,000, na usafiri kwa Sh800 ni Sh20,000. Ukitoa yote, zinabaki Sh30,000.

Si mbaya, mpaka ukumbuke kwamba miwa ya Magharibi, inayotegemea mvua, hukaa shambani kati ya miezi 18 na 24. Gawanya kwa miezi 20: Sh1,500 kwa mwezi.

Hapo bado hatujaweka riba. Tuseme zile Sh60,000 zote ni mkopo tangu siku ya kwanza, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Kwa miezi 20 riba ni Sh15,000, na faida imekatika katikati.

Sasa sogeza mavuno. Kiwanda kimechelewa kuja, na miwa inakatwa mwezi wa 28. Miwa iliyopitisha umri huanguka, hutoa machipukizi ya pembeni, hukauka ndani na kuwa na kapi jingi. Tuseme zimebaki tani 22. Mauzo ni Sh110,000. Ukataji na usafiri Sh30,800. Gharama za mwanzo Sh60,000. Riba ya miezi 28, Sh21,000. Jumla ya makato ni Sh111,800. Mkulima ametoa ekari yake kwa miaka miwili na miezi minne, amepalilia, na hati ya malipo inamwambia anadaiwa Sh1,800.

Hakuna ukame hapo wala ugonjwa, na bei haijashuka hata shilingi. Kilichobadilika ni miezi minane tu. Mtu akikuambia wakulima wa miwa ni wavivu wa kutunza shamba, mwonyeshe hesabu hii kwanza.

Faida iko kwenye machipukizi. Baada ya mavuno ya kwanza, visiki vinachipua upya, hakuna kulima wala mbegu. Kwa kielelezo kilekile, machipukizi ya tani 20, yaliyokaa miezi 16 na kutumia Sh24,000 za mbolea na palizi, yanaleta mauzo ya Sh100,000. Ukitoa Sh28,000 za kuvuna na kusafirisha, zinabaki Sh48,000. Hiyo ni Sh3,000 kwa mwezi, mara mbili ya zao la kwanza. Kwa hiyo mkulima anayeng'oa miwa baada ya mavuno ya kwanza kwa hasira ametoka mchezoni wakati gharama nzito zimeshalipwa. Hasira yake tunaielewa. Tunachosema ni kwamba malipo yanayochelewa humfanya mtu aache shamba pale hasa lilipotaka kumlipa.

Machipukizi nayo huharibiwa mapema, siku ileile ya kuvuna. Trekta na trela lililojaa likiingia shambani udongo ukiwa umelowa, magurudumu hukanyaga visiki na kuushindilia udongo. Mstari uliokanyagwa huchipua kwa mapengo. Ukataji wa juujuu nao una gharama: shina la chini ndilo lenye sukari nyingi zaidi, na kisiki kirefu hutoa machipukizi yasiyo na mizizi ya kutosha. Panga liguse ardhi, kilele kikatwe, na mapengo yazibwe kwa mbegu ndani ya wiki chache. Asiyeziba mapengo mwaka huu anavuna mapengo mwaka kesho kutwa.

Kinu kinachotaka kulishwa

Upande wa kiwanda hesabu ni nyingine. Chukua kiwanda chenye uwezo wa kusaga tani 8,000 kwa siku. Ikiwa ekari inatoa tani 25, kiwanda kinahitaji ekari 320 zikatwe kila siku, na safari 1,000 za trela la tani nane. Kikisaga siku 300 kwa mwaka, ni ekari 96,000 za mavuno. Na kwa kuwa zao linakaa miezi 20, lazima ekari 160,000 ziwe chini ya miwa wakati wote. Wakulima wakifikisha tani 40 kwa ekari, eneo hilo linashuka hadi ekari 100,000. Tofauti ni ekari 60,000 ambazo zingerudi kwenye mahindi, maharagwe na malisho ya ng'ombe.

Njia ya kupanua kiwanda bila kupandisha mavuno ya ekari, basi, ni kuinyang'anya familia ardhi ya chakula na kuyatuma magari mbali zaidi. Kila kilomita ya ziada inakatwa kwa mkulima kama usafiri na inaongeza saa za muwa barabarani. Wakati huohuo ardhi ya Kakamega inagawanywa kwa kila kizazi. Baba alikuwa na ekari sita, wana wanne wana ekari moja na nusu kila mmoja, na trekta haligeuki vizuri kwenye vipande hivyo.

Kampuni ilijaribu kutanua mapato, na kwa sifa zake zote jambo hili linahitaji kutazamwa kwa makini. Mwaka 2009 ilizindua mtambo wa umeme wa megawati 38 unaochoma makapi ya miwa, huku megawati 26 zikikusudiwa gridi ya taifa. Mwaka 2012 kikafuata kiwanda cha ethanoli kinachotumia molasi, yaani maji mazito yanayobaki sukari ikishatolewa. Kwenye karatasi hizo ni biashara tatu: sukari, umeme, ethanoli. Kwa hakika ni biashara moja, kwa sababu makapi na molasi vyote hutoka kwenye muwa uleule. Miwa ikikosekana, vyote vitatu vinazima siku moja, lakini mikopo ya kujenga mitambo haizimi. Eneo lililotaka kujikinga na hatari ya zao moja lilijifunga nalo zaidi.

Miwa inayohama

Viwanda vingine vilikuwapo na vikaongezeka. West Kenya, huko Kabras, kilianza miaka ya 1980 mwanzoni; Butali kikaanza kusaga 2011. Mkulima alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi: wanunuzi wawili ni bora kuliko mmoja. Tatizo lilikuwa kwamba mkopo ulibaki kwa kiwanda kimoja huku muwa ukienda kwa kingine.

Fuata mnyororo. Kiwanda A kimetoa mbegu na mbolea kwa mkopo. Kiwanda B hakijatoa chochote, kwa hiyo kinaweza kulipa haraka na bila makato. Kuna pia vinu vya sukari guru vinavyolipa taslimu siku hiyohiyo, ingawa kwa bei ya chini. Mama ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo, Kiwanda A hakijalipa miwa ya mwaka jana. Anauza kwa B, au anamwuzia dalali miwa ikiwa imesimama shambani, kwa bei ya kutupa. A kinapoteza miwa na kinapoteza mkopo. Msimu unaofuata A hakina pesa za kukopesha, ekari mpya hazipandwi, na baada ya miezi 18 ukosefu huo unafika langoni. Hapo viwanda vyote vinagombania kidogo kilichopo, na miwa ya miezi 10 au 12 inakatwa.

Na hapa pana kosa la mfumo linalotuumiza kuliko yote. Muwa mchanga una maji mengi na sukari kidogo. Tani 100 za miwa iliyokomaa vizuri hutoa kama tani 10 za sukari. Tani 100 za miwa michanga zinaweza kutoa 8 au chini. Lakini malipo ni ya uzito, kwa hiyo mkulima hapati ishara yoyote ya bei inayomwambia asubiri. Kulipa kwa kiwango cha sukari kumejadiliwa kwa miaka mingi. Bila hivyo, mwenye subira na mwenye pupa wanalipwa sawa, na mwenye subira ndiye anayebeba riba.

Mwaka 2023 nchi iliyaona matokeo yake. Julai mwaka huo mamlaka ya serikali inayosimamia kilimo iliagiza viwanda visimamishe usagaji kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae, na sukari ya kuagizwa ikaziba pengo. Agizo lilikuwa sahihi kwa shamba, lakini lilimwumiza mkulima aliyekuwa na miwa iliyokomaa tayari, kwa sababu naye alifungiwa mlango pamoja na wengine.

Kuhusu ushindani wa nje tuseme kwa kifupi. Kenya inazalisha sukari kwa gharama kubwa kuliko wanachama kadhaa wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi 2025 iliomba kinga ya muda dhidi ya sukari yao na kuirefusha tena na tena. Kinga ilikusudiwa kununua muda wa kupunguza gharama. Muda ulinunuliwa, gharama hazikupungua vya kutosha.

Kuanguka, na jinsi kulivyosambaa

Mwaka wa fedha wa 2013 kampuni ilitangaza hasara ya zaidi ya Sh1.6 bilioni. Ule ulioishia Juni 2018, hasara ilifika Sh15.1 bilioni. Katikati serikali iliingiza mabilioni ya kuokoa, lakini pesa za kulipia madeni ya zamani hazipandi miwa mipya. Ekari iliyokosa kupandwa 2014 haikuweza kuleta tani moja 2016, hata kama kiwanda kingepewa nini. Septemba 2019 benki ya KCB, iliyokuwa ikiidai, iliiweka chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi anayeshika kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Desemba 2021 ukodishaji ulipewa Sarrai Group ya Uganda, na kesi zikafuata mahakamani.

Mjini, mambo yalikwenda kwa mpangilio unaoweza kuufuatilia kwa kidole. Wa kwanza kukosa pesa ni mkulima. Hamlipi mwenye duka la pembejeo. Mwenye duka hawezi kuagiza mbolea taslimu, kwa hiyo hata mkulima wa mahindi, asiye na muwa hata mmoja, anakosa mbolea wakati wa mvua ya Machi. Mwenye trekta hana kazi, anaacha kulipa mkopo wake, trekta linachukuliwa. Msimu unaofuata kulima ekari kunapanda bei. Wakataji miwa, vijana wasio na ardhi, wanahamia Nairobi au wanaingia boda boda, na kiwanda kikifufuka hakiwapati. Barabara za vijijini, ambazo kampuni ilizichonga ili magari yake yapite, zinaota majani. Ndiyo maana kufufua kiwanda kwa kuwasha mitambo tu hakutoshi. Mitambo ni sehemu rahisi.

Kinachoweza kurekebishwa, na kwa mpangilio upi

Sheria mpya ya Sukari iliyotiwa saini mwaka 2024 imerudisha Bodi ya Sukari na tozo ya maendeleo ya sukari, na mwaka 2025 viwanda vinne vya serikali, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, vilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Tozo hiyo tungependa ianzie kwenye mbegu na barabara za mashambani.

La kwanza ni kutenganisha mkopo na kinu. Ushirika au benki ukikopesha pembejeo, na deni likafuata jina la mkulima hadi kwenye mizani yoyote atakayouza, kuhama kwa miwa hakumfilisi aliyekopesha. Hili linahitaji rejista moja ya ekari, tarehe za kupanda na madeni, inayosomwa na viwanda vyote vya eneo. Tarehe ya kupanda ndiyo muhimu zaidi humo. Ukijua ekari ngapi zilipandwa mwezi gani, unajua tani zitakazokuja miezi 18 mbele, na kiwanda hakiwezi kujidanganya.

La pili, kupima ukomavu kabla ya kukata. Kifaa cha mkononi cha kupimia briksi, yaani kiasi cha sukari kwenye maji ya muwa, ni kidogo, na mafunzo yake hayachukui hata asubuhi moja. Chukua mashina 20 kutoka sehemu mbalimbali za shamba, acha mistari ya kingo. Kamua tone la sehemu ya chini na tone la sehemu ya juu ya kila shina, soma vipimo, kisha gawanya cha juu kwa cha chini. Jibu likikaribia 1, tuseme 0.95 kwenda juu, muwa umekomaa. Likiwa 0.7, rudi baada ya miezi miwili. Kipimo hiki kingetosha mwaka 2023 kuamua shamba gani likatwe na gani lisubiri, badala ya kufunga wote.

La tatu, kukata kufuate uwezo wa mizani. Foleni ya trela 200 langoni maana yake jana walikatiwa watu wengi kuliko kinu kinavyoweza. Kibali cha kukata kitolewe kwa saa, na kinu kikiharibika zaidi ya saa sita, simu ziwafikie viongozi wa wakataji ili mapanga yasimame. Vituo vidogo vya mizani mashambani husaidia pia: uzito ukisomwa karibu na shamba siku ya kukata, hasara ya foleni inahamia kwa yule anayeweza kuipunguza, yaani kiwanda.

Kwa mkulima mwenyewe, shauri letu ni la tahadhari. Mwenye ekari mbili asiweke zaidi ya moja kwenye miwa. Nyingine ibaki na mahindi na maharagwe kwa misimu miwili ya mwaka, au majani ya nepia na ng'ombe wa maziwa anayeleta pesa kila wiki. Katika zao la kwanza maharagwe yanaweza kupandwa kati ya mistari kwa miezi mitatu ya mwanzo, kabla muwa haujafunga kivuli, na yakalipia palizi.

Na siku ya mizani aende mwenyewe, au amtume mtu anayejua kusoma. Karatasi anayopewa iwe na namba ya shamba, namba ya trela, uzito wa trela likiwa na mzigo, uzito wake likiwa tupu, tarehe na saa. Uzito wa trela tupu usipoandikwa asiondoke bila kuuliza, kwa sababu tofauti ya nusu tani kwenye kila safari, kwa safari tatu za ekari moja, ni Sh7,500 za kielelezo chetu, robo nzima ya faida ya miezi 20.